Hali ya Hewa Kutoka Nyumba ya Juu

Baba mkwe wangu, Mzee Manasseh, hajawahi kuhitaji mtu wa kumwambia kama mvua itanyesha. Alfajiri hutoka nje, husimama kando ya chai yake akiwa ameshika kiuno, hunusa hewa mara moja, kisha hutoa uamuzi. Akisema mtachuma mpaka mchana, mtachuma mpaka mchana. Akisema anueni mahindi, mtu mwenye akili haulizi kwa nini, anaanua. Kwa hivyo mama mkwe alipopanda kwangu jioni moja kuniuliza kama ile kompyuta yangu inaweza kuonyesha hali ya hewa ya kwenye televisheni, eti mzee anaihitaji, nilicheka mpaka nikaweka sufuria chini.

"Usicheke, Bochaberi," Mama Edinah akaniambia, na yeye mwenyewe midomo ameibana. "Anasema ni kwa sababu ya chai."

Sababu ya chai ilikuwa na jina, na jina lenyewe ni Nyanchoka, kitinda mimba wa mzee. Nyanchoka alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, ameajiriwa na serikali, na mzee alikuwa amekwisha kuwatangazia watu wote wa Birongo habari hiyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kisha msichana akaacha kazi. Akaenda Nairobi, kwenye stesheni moja ndogo ya televisheni inayotangaza kwa Ekegusii, akaanza kwa kubeba nyaya, na sasa ndiye anayesoma hali ya hewa kila jioni baada ya habari. Mzee alimwambia kwamba mtoto wake hawezi kuacha chaki ya serikali akaenda kuwaonyesha watu mawingu kwa kidole, na kwamba asirudi nyumbani mpaka akili zimrudie. Na kwa kuwa yeye ni mzee wa kanisa, na hasira ilikuwa haijamtosha akiwa nyumbani, Sabato iliyofuata alisimama mbele ya Waadventista wenzake akatangaza kwamba maadamu yu hai, televisheni haitaingia nyumbani kwake. Kanisa zima likajibu amina. Amina hiyo imemtesa sana.

Tangu hapo hawajazungumza. Nyanchoka hupiga simu kwa mama yake, mama huweka sauti ya juu makusudi, na mzee hukaa pale pale akikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. Hasemi neno. Ila hatoki pia.

Mambo yalibadilika siku jirani yetu Angwenyi, shemasi mwenye televisheni na mdomo, alipomsimamisha mzee njiani akamwambia, "Jana nimemwona binti yako. Alikuwa amependeza." Mzee akajibu kwamba maziwa ya ng'ombe wake yamepanda bei, au kitu cha namna hiyo. Lakini kuanzia siku hiyo chai yetu, ambayo imestawi miaka yote bila kutazamiwa mawingu na mtu wa Nairobi, ikawa haiwezi tena kuishi bila hali ya hewa.

Kumwazima simu yangu hakungesaidia. Stesheni yenyewe ni ndogo, mtandaoni haiweki kitu ila matangazo ya harusi, na hata ingeweka, bondeni kwa mzee mtandao huja ukipenda. Kumnunulia televisheni ndiyo kabisa, kwa sababu ya ile amina. Lakini kompyuta si televisheni. Kompyuta ni chombo cha kazi. Mzee mwenyewe ndiye aliyeligundua jambo hilo, na alilituma kwangu kupitia kwa mkewe likiwa limeshapangwa kama hoja ya mahakamani.

Kompyuta ninayo kwa bahati tu. Nafundisha somo la kompyuta katika sekondari moja ya kutwa upande wa Nyamira, na shule ilipotaka kuitupa mashine moja nzee iliyokuwa imeshindwa kubeba Windows mpya, niliiomba, nikaiwekea Linux, na mpaka leo inachapa mitihani bila kulalamika. Mume wangu Ochoki yuko Naivasha kwenye mashamba ya maua, huja mwisho wa mwezi, kwa hivyo hiyo mashine ndiyo ninayoongea nayo jioni. Iliyokosekana ilikuwa kadi ya kushikia matangazo ya televisheni, na mtu wa kuulizwa kadi ya aina yoyote mjini Kisii ni Bharat.

Bharat alizaliwa Kisii, baba yake alizaliwa Kisii, na Ekegusii anachoongea kingewaaibisha wanafunzi wangu. Alinisalimia "bwakire buya, mwalimu" kabla sijavuka kizingiti, akaniuliza habari za chai, kisha akauliza kompyuta yangu ina Windows gani. Nikamwambia ina Linux. Akaniangalia kwa huruma, kama vile nimemwambia nimefiwa. Halafu akamwita mkewe, Sarla, ambaye katika duka lile ndiye anayejua kila parafujo imelala wapi.

Sarla alitoka nyuma na maboksi mawili yenye vumbi. Kumbe mwana wao Mehul aliwahi kuagiza kadi hizo akiamini kwamba kila karani wa Kisii atataka kutazama mpira kwenye kompyuta ya ofisi huku mkubwa wake akidhani anafanya kazi. Makarani hawakuja. Boksi la kwanza Sarla alilirudisha nyuma mwenyewe, akasema hiyo ni ya zile enzi za chenga, haiwezi kushika matangazo ya dijitali ya siku hizi. La pili ndilo akaniwekea mkononi, na antena juu yake. Bharat aliniahidi kwamba kadi ikikataa nitairudisha, ila akanisihi nisimwambie Mehul kwamba hatimaye moja imetoka, maana ataagiza nyingine.

Nyumbani nilifungua kompyuta, nikapuliza vumbi, nikaipachika kadi kwenye nafasi yake na kuikaza. Linux iliiona mara moja. Kuiona, sikusema kuijua. Katika lile dirisha jeusi la amri iliniandikia kwamba kadi ipo, lakini faili la firmware halipo. Yaani mgeni amefika, amekaribishwa kiti, ila hawezi kuongea mpaka aletewe ulimi wake. Mama Edinah, aliyekuwa amekaa kwangu kama mjumbe wa mzee, alishuka bondeni kutoa taarifa hiyo, akarudi na swali kutoka kwa mzee: kwa nini nilinunua kitu kisicho na ulimi, na kama nilikagua vizuri dukani.

Faili lenyewe ni dogo tu. Nilisimama nje kando ya tangi la maji, mahali ambapo simu yangu hupata mtandao, nikalipakua, nikalinakili kwenye folda ya firmware, nikazima mashine kabisa na kuiwasha upya. Safari hii kadi iliitika. Nikaweka programu ya kutafuta chaneli, nikabeba kila kitu mpaka sebuleni kwa mzee, nikakipanga mezani chini ya kalenda ya kiwanda cha chai. Mzee alikuwa tayari. Alikuwa amevaa koti lake la Sabato, na siku yenyewe ilikuwa Jumatatu.

Programu ikaanza kupekua masafa, moja baada ya jingine, na mzee akawa anaitikia kwa kichwa kila namba inapopita. Ilipofika mwisho ikaandika kwamba imepata chaneli sifuri. Nikasogeza antena dirishani: sifuri. Nikaitoa nje kwenye mti wa kuanikia nguo: sifuri. Nyumba ya mzee iko bondeni, mbele kuna mlima na nyuma kuna mikaratusi aliyoipanda mwenyewe, na mawimbi ya televisheni hayana sababu ya kushuka kule. Mzee aliivua miwani, akaifuta, akasema hayo ni mambo ya kawaida ya mashine. Alisema kwa sauti ya mtu asiyejali, lakini koti hakulivua mpaka usiku, mama mkwe aliniambia.

Kwangu mimi ni juu, kileleni, penye upepo wa kung'oa mabati. Ni wazi tulipaswa kujaribu huko, na kesho yake nikitoka shule nilivaa suruali ya Ochoki, nikaegemeza ngazi ukutani, nikapanda na antena. Hapo ndipo palipoanza kazi nyingine, kwa sababu mzee alitaka kusimamia.

Sisi Abagusii tuna chinsoni, ile heshima yenye haya ndani yake baina ya mzazi na watoto wake wakubwa, na zaidi baina ya mkwe na mkwe. Mimi na mzee tunasalimiana kwa mdomo, hatushikani mikono. Akinikuta nimeinama shambani, yeye hukata kona na kupita kwenye migomba. Sasa mke wa mwanawe yuko juu ya ngazi, na yeye awe chini akitazama juu? Haiwezekani. Lakini kukaa nyumbani asisimamie pia haikuwezekana. Basi alisimama chini kule kwenye chai, amenipa mgongo kabisa, akaanza kuelekeza antena asiyoiona.

"Geuza upande wa Kisii," alikuwa akiyaambia majani ya chai.

Mama Edinah, katikati yetu, alinigeuzia uso na kurudia. Nikageuza. Mzee akauliza sasa inatazama wapi, mama akamjibu inatazama kwa Angwenyi, mzee akasema kwa Angwenyi hakuna kitu chochote cha maana, irudishwe kidogo. Tuliendelea hivyo mpaka mikono ikaniuma. Na ukweli niuseme hata kama unaniudhi: aliposema "hapo hapo, iache," ndipo palipokuwa penyewe. Nilishuka, nikaanzisha upekuzi, na chaneli zikaanza kumiminika kwenye orodha kiasi kwamba nilizihesabu kwa kelele kupitia dirishani. Stesheni ya Nyanchoka ilikuwa miongoni mwake, picha safi, sauti safi.

Tulifurahi vibaya sana. Mama mkwe alipiga kigelegele, mzee akasema kule kwenye chai kwamba alijua tu, na tukaagana kwamba jioni atakuja kuangalia mvua. Nilifagia. Niliweka kiti kizuri mbele ya kompyuta, nikatandika kitambaa juu yake. Sisi watu watatu tulioshika chinsoni kwa mikono miwili pale kwenye ngazi, hakuna hata mmoja aliyeikumbuka tena mpaka mzee alipofika mlangoni kwangu na koti lake la Sabato, akainua mguu, na mguu ukabaki hewani.

Baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hatuna askari wa kumzuia. Ni kwamba hawezi, vile mtu hawezi kwenda kanisani bila suruali. Tangu Ochoki aijenge ile nyumba, mzee hajawahi kuvuka mlango wake, hata siku ya kuifungua aliombea nje. Alirudisha mguu chini taratibu, akatazama kiti chenye kitambaa, akanitazama mimi, akasema, "Mpango haukuwa mzuri."

Mpango wa nani, hakusema. Nilimwambia nitageuza kioo kielekee dirishani, yeye atazame akiwa nje. Akafikiri, akakataa. Mtu akichungulia ndani ya nyumba ya mwanawe ameshaingia, alisema, ila miguu tu ndiyo imebaki nje. Basi akaomba kigoda, akakaa chini ya dirisha langu, mgongo ameupa ukuta na uso ameupa bonde, akaniomba niongeze sauti.

Habari zilipoisha, Nyanchoka akatokea. Alikuwa na gauni la kijani na nywele amezibana nyuma, na alisimama mbele ya ramani ya nyumbani akazitaja sehemu zetu moja moja, Nyamarambe, Keumbu, Keroka, kwa ile sauti yake ya haraka. Mimi nilikuwa ndani namwona yeye, na nikigeuka naona kofia ya baba yake chini ya dirisha. Mvua nayo ikaanza, ile mvua yetu ya jioni isiyotuma salamu kabla ya kuja. Mzee hakuinuka. Mama Edinah alimfunulia mwavuli, akaushika juu yake mpaka binti alipomaliza kusoma. Kisha mzee akasema, bila kugeuka, "Ametaja Keumbu vizuri," na akashuka kwake.

Alikuja hivyo jioni kadhaa. Mwanzoni nilikuwa namtania mama mkwe kwamba mzee sasa ananyeshewa akisubiri kuambiwa kama kuna mvua. Baadaye utani ukaniishia mdomoni. Siku moja nilimsikia anamuuliza mkewe kwa sauti ya chini, "Leo amevaa nini?" na mama, ambaye naye hakutaka kumwacha mumewe peke yake kwenye baridi akaingia kutazama, akajibu kwamba hajui. Iliniuma sana. Walikuwa watu wawili wazima, mtoto wao yuko nyuma ya ukuta mmoja tu, wanabahatisha rangi ya gauni.

Kesho yake nikafanya kitu nilichodhani ni cha akili. Nilitoa kioo nje, nikakiweka juu ya meza chini ya upenu, waya ukipita dirishani. Mzee alikaa mbele yake akiwa na furaha ambayo aliificha vibaya. Lakini kileleni kwangu panaonekana kutoka kila upande, na kioo kinachowaka jioni hakina siri. Habari hazijafika katikati, walikuwapo watu wa boma la pili, wachumaji chai waliokuwa wakirudi, mtu mmoja na mbuzi wake, na mbele ya wote shemasi Angwenyi, mikono nyuma, anatabasamu.

"Mzee wa kanisa," Angwenyi akasema, "na hiki ni nini?"

Mzee Manasseh aliinuka, akajikung'uta koti, akajibu kwamba yeye alikuwa anatafuta kuku. Akaondoka akiita kuku. Alishuka mpaka bondeni akiita kuku, na hali ya hewa ikasomwa mbele ya umati wote, isipokuwa mtu mmoja aliyeihitaji. Angwenyi alibaki mpaka mwisho, akanisifu kwa picha nzuri.

Usiku huo nilikasirika na watu wote: na Angwenyi, na wazee waliotunga chinsoni bila kufikiria antena, na Ochoki aliyecheka kwenye simu mpaka nikamkatia. Zaidi nilijikasirikia mimi, mwalimu mzima, ninayewafundisha watoto kila muhula kwamba kompyuta mbili zikiunganishwa, kilicho kwenye moja kinaweza kuonekana kwenye nyingine. Nilikuwa nahangaika kumleta mzee kwenye picha. Hakuna aliyenizuia kuipeleka picha kwa mzee.

Kwenye Linux kuna programu inayoitwa Tvheadend, na kazi yake ni hiyo tu: inakaa kwenye mashine yenye kadi, inashika matangazo, na inamgawia yeyote aliye kwenye mtandao wa nyumbani, pasipo kuhitaji intaneti ya mtu. Niliiweka, nikaielekeza kwenye kadi, nikaipa orodha ya chaneli. Iliyobaki ni njia ya kushuka. Nilirudi kwa Bharat kwa waya mrefu wa mtandao, naye Sarla akanikatia wa kutosha akaongeza kipande, akisema migomba huongeza urefu wa kila kitu. Jumapili mimi na Mama Edinah tuliufukia, tukianzia ukutani kwangu, tukapita kando ya migomba mpaka kwenye dirisha la sebule ya mzee. Hapo mwisho wake nikauchomeka kwenye laptopu niliyopewa na shule ya kuandalia masomo.

Angwenyi alipita tukiwa tunafukia, akauliza huo ni waya wa nini. Mzee alimjibu kutoka barazani kwamba ni wa kompyuta, wa kusomea Lesoni ya Sabato. Na kweli, kabla ya jua kuchwa nilikuwa nimemwekea Lesoni ndani ya laptopu, ili mzee wa kanisa asije akawa amesema uongo.

Jumatatu jioni nilishuka kwao nikakuta laptopu imefunikwa na taulo, na mzee amekaa mbali nayo. Alikuwa na swali, na alionekana amelala nalo. Alitaka kujua hiyo picha inatoka wapi hasa. Nikamweleza: antena iko kwenye paa langu, kadi iko ndani ya kompyuta yangu, picha inashuka kwa waya. Akakunja uso. Kwa hivyo inatoka ndani ya nyumba ya mwanangu, alisema, na mimi nikiitazama si ni kama nimeingia?

Waya tumefukia, viganja vimetoka malengelenge, na sasa huyu mzee ameigeuza picha kuwa mlango. Nilifungua mdomo kusema neno ambalo mke wa mwana hapaswi kusema. Mama Edinah akaniwahi. Hakuacha hata kupepeta wimbi wake.

"Baba Ochoki," akasema, "hiyo chai unayokunywa imechemshwa wapi?"

Mzee akaitazama chupa ya chai mezani. Ni mimi ninayeipika kila jioni jikoni kwangu na kuishusha, tangu niolewe.

"Kwa mwanangu," akakubali.

"Na umewahi kuingia huko kuinywa?"

Mzee akavuta kiti karibu na kuliondoa taulo yeye mwenyewe, akalikunja vizuri akalipakata mapajani. Mimi nikafungua chaneli.

Picha ya bondeni huchelewa kidogo nyuma ya ile ya juu, lakini ilifika. Nyanchoka alitokea kwenye kioo kile kidogo, gauni la bluu, ameshika kijiti cha kuonyeshea ramani. Mama Edinah aliacha kupepeta. Mzee aliinama mbele mpaka pumzi yake ikawa inatia ukungu kwenye kioo, akakifuta kwa kidole gumba, taratibu, pale penye uso wa mtoto. Machozi yalimtoka, na kwa kuwa ni chinsoni na mimi nilikuwa nimekaa pale, nikainuka nikaenda kutazama kalenda ya kiwanda cha chai.

Nilikuwa bado nasoma kalenda Nyanchoka aliposema kwamba kesho, kuanzia Birongo hadi Keroka, kutakuwa na jua siku nzima, na wenye nafaka wanaweza kuanika bila wasiwasi.

"Hapana," mzee akasema.

Akageuka kwa mkewe. "Amewaambia watu waanike. Kesho itanyesha kabla ya mchana, hata mtoto anajua. Mpigie umwambie."

Mama Edinah akachukua simu, akatafuta jina, akaweka sauti ya juu kama kawaida yake. Lakini safari hii hakuzungumza yeye. Simu ilipoanza kuita alinyosha mkono na kuiweka mezani mbele ya mumewe, akarudi kwenye ungo wake. Mzee akaitazama simu inavyoita. Nilidhani ataanza kukoroga chai.

"Mama?" sauti ya Nyanchoka ikasema.

"Ni mimi," mzee akasema. Akakohoa. "Umesema kesho ni jua huku kwetu. Si jua. Ni mvua, na ni kubwa. Watu wataanika mahindi kwa sababu wewe umesema. Mtu akisema kitu mbele ya watu, lazima kiwe ni kweli."

"Tata," Nyanchoka akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Tata, umeniona?"

Kwenye kioo walikuwa wameshaweka tangazo la sabuni, lakini mzee alikuwa bado anakitazama kana kwamba binti hajaondoka.

"Nimekuona," akasema. "Umekonda. Huko hawapiki?"

Nyanchoka akaanza kulia kwenye simu, na mzee akawa anamwambia asilie, akimaliza kazi Alhamisi asingoje mwisho wa mwezi, apande gari Ijumaa asubuhi ili afike kabla ya Sabato kuingia. Aliirudia Ijumaa hiyo mara kadhaa. Mama Edinah aliinuka na ungo wake wa wimbi, akaniuliza kama lile jiwe la kusagia liko kwangu au liko kwake, halafu akatoka kulitafuta kabla sijamjibu.